Robo Mzunguko Tu

Jumatatu, 6 Mei

Naanza shajara leo kwa sababu maalumu. Nitakapokuwa mwenye boti, watu watataka kujua nilifikaje hapo. Wasome humu.

Jana chakula cha mchana kwa mama mkwe. Wali, mboga na tangazo. Boti ya marehemu baba mkwe imefungwa gatini tangu mwaka jana alipofariki, na mama mkwe amechoka kuiona inaota ukungu. Anataka kumkabidhi mtu wa familia. Lakini kwanza, Jumapili ijayo, avushwe nayo ng'ambo ya ziwa akamwone mdogo wake. Mimi nimpeleke, shemeji amrudishe. Atakaa kiti chake kilekile cha siku zote, kikombe cha chai mkononi. Marehemu, akatukumbusha, alikuwa akifika gati la ng'ambo bila tone kuingia kwenye kisosi. Atakayemfikisha hivyo, boti ni yake.

Nikameza mate. Tangu nimwage unga kule ghalani nimefuga kuku, wakafa. Nikakodisha miavuli, jua likawaka mpaka wateja wakasahau mvua ni nini. Hii boti ndiyo itakayoninyanyua. Abiria asubuhi, mizigo mchana, jioni nakaa gatini na miwani ya jua, watu wananiita nahodha. Mke wangu naye ataacha kunitazama vile anavyonitazama.

Kikwazo ni kimoja tu: huyo shemeji, kaka wa mke wangu. Kinyozi. Mtu wa sauti ya chini na tabasamu lisilokwisha. Mama mkwe akimwona anasahau hata miguu inayomuuma. Mtu mpole namna hiyo lazima ana lake jambo. Na ufunguo wa boti tunao sote wawili, yaani anaweza kwenda kufanya mazoezi wakati wowote akipenda.

Kwa hiyo jioni nikachukua tahadhari. Sakafuni, nyuma ya boti, kuna tundu la kumiminia petroli kwenye tangi. Nikafungua kizibo chake, nikakitia mfukoni. Hakuna mtu mwangalifu atakayewasha boti isiyo na kizibo cha tangi, na shemeji ni mwangalifu mpaka anaudhi. Tundu nimeliziba kwa kipande cha fulana yangu ya zamani. Safi, ilifuliwa juzi. Mimi si mharibifu.

Mawingu mengi usiku huu. Hainihusu. Nalala.

Jumanne, 7 Mei

Mvua usiku kucha. Asubuhi gatini kila kitu chapachapa, sakafu ya boti imetuama maji. Nimeyafagia kwa mguu.

Injini ni ya zamani. Ilianza kazi mke wangu hajaota meno. Lakini ikawaka bila taabu. Nikapiga resi, ikanguruma vizuri. Nikashusha resi ili ipumue taratibu, ikazima. Nikawasha tena. Nikashusha, ikazima tena. Ukiikaza inakwenda, ukiiachia inakata roho.

Mlinzi wa gati alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki pale ukingoni, miguu inaning'inia juu ya maji. Akasema injini hiyo inamkumbusha shemeji yake yeye, aliyefanya kazi akisimamiwa tu. Nikamwambia ashike hamsini zake.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Kosa. Yeye amekulia ndani ya boti ile, baba yake alimpa usukani kabla hajajua baiskeli, na kwa hiyo anajiona mtaalamu. Akauliza kama nimeangalia tangi. Nikamjibu kwamba tangi ni sanduku, na sanduku haliumwi. Akasema basi labda maji yameingia kwenye petroli kwa mvua ile. Nikamuuliza yangepitia wapi na tangi limezibwa vizuri. Kizibo kikanigusa paja mfukoni. Akanitazama vile anavyonitazama, akaendelea kukatakata vitunguu.

Mchana nikaugundua ugonjwa mwenyewe. Ubavuni mwa kabureta kuna skrubu ndogo ya shaba. Ndiyo inayoamua injini ipumue kwa kasi gani ikiwa haina kazi. Nikachukua bisibisi, nikaikaza robo mzunguko. Robo tu. Nikawasha, nikashusha resi. Haikuzima!

Wapo watu wanaosoma miaka mingi kwa ajili ya kitu nilichokifanya kabla ya chai ya saa kumi.

Jumatano, 8 Mei

Imezima tena. Nikaongeza robo. Baada ya muda ikakohoa, nikaongeza robo nyingine. Sasa haizimi, ila hata ikiwa imepumzika inanguruma kama inamgombeza mtu. Nimeipenda. Injini yenye sauti ni injini yenye afya.

Limezuka jambo jingine, la gia. Mkono wa gia ukiwa katikati, injini iko frii, inazunguka bila kusukuma boti. Sasa kuutoa pale katikati ni vita. Gia inaingia kwa kishindo, "kaaa!", boti inaruka, meno yanagongana, ya gia na yangu. Kutoka ndiyo haitaki kabisa. Nimeligonga gati mara kadhaa. Yale matairi yaliyoning'inizwa ukingoni yamenisitiri, lakini mlinzi amerudisha kiti chake nyuma kidogo. Anajifanya anafuata kivuli.

Mke wangu akauliza jioni kama injini inanguruma sana ikiwa frii. Nikamwambia inanguruma kama simba. Akasema basi ndiyo maana gia inagonga, resi ikishuka gia italainika, na resi haiwezi kushuka mpaka nitazame lile tangi. Tangi, tangi, tangi. Limemkaa kooni kama deni.

Mimi nimeliona tatizo lenyewe, na nashangaa familia nzima imeishi nalo bila kuliona. Mkono wa gia wa boti ile umegeuzwa! Boti za watu, ukitaka kwenda mbele unasukuma mbele. Ile ya marehemu, ukitaka kwenda mbele unavuta nyuma, na ukitaka kurudi nyuma unasukuma mbele. Mke wangu akanieleza kisa chake kirefu. Mzee mkono wake wa kulia ulikuwa dhaifu, akauachia usukani. Sanduku la gia akalifunga upande wa kushoto, likabidi ligeuzwe, ndipo ikawa kinyume. Na miaka yake ya mwisho, mkono wa kushoto nao ulipochoka, mama mkwe alikuwa akikaa kiti cha nyuma yake na kumvutia gia yeye, mzee akishika usukani tu. Hawakuwa wakiambiana neno. Mzee akiinua kidevu, mama anavuta. Akikishusha, mama anasukuma.

Alipofika hapo sauti ya mke wangu ilibadilika. Mimi nilikuwa nafikiria spana namba ngapi itafaa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemaliza. Ndani ya lile sanduku kuna waya wa gia, ncha yake imefungwa kwenye tundu la juu la kipande cha chuma. Chini yake kuna tundu la pili, halina kazi, limekaa tu linamsubiri mwanamume. Nikaihamisha ncha kutoka juu kwenda chini. Kazi ya asubuhi moja, ukitoa muda wa kutafuta nati iliyodondokea majini na muda wa kununua nyingine.

Sasa ukisukuma mbele, boti inakwenda mbele. Kama boti za watu wenye akili zao.

Gia bado inagonga, sikatai. Lakini inagonga upande sahihi.

Halafu, narudi nyumbani kwa miguu, wazo likaniingia mpaka nikasimama barabarani. Shemeji hajui! Jumapili jioni ni zamu yake kumrudisha mama. Atakaa kwenye usukani kwa upole wake wote, atavuta mkono wa gia kama alivyofundishwa na baba yake, na atakwenda kinyumenyume mbele ya watu. Chai itamwagika gatini kabla hata safari haijaanza. Wala sijapanga, limekuja lenyewe. Sitasema neno kwa mtu yeyote.

Nimemnunulia mke wangu embe kwa furaha. Akaniuliza nimeharibu nini.

Ijumaa, 10 Mei

Shemeji amekuja gatini. Nilikuwa ndani ya injini mpaka viwiko.

Akanisalimia, akauliza kazi, akauliza afya, akauliza watoto ambao alikuwa nao jana. Sisi tunaitana shemeji wote wawili, kwa hiyo mazungumzo yetu hukosa makali ninayoyataka. Akasema amepita jana akaona tundu la tangi limezibwa kwa kitambaa, akafikiri kizibo kimepotea, basi amenunua kingine njiani. Akanipa. Kipya, bado kimo kwenye karatasi yake.

Nikakitazama kile kizibo. Nikamtazama yeye. Tabasamu.

Sikuzaliwa jana. Mtu hakununulii kizibo cha tangi bila sababu. Nikamwambia asante shemeji, lakini kitambaa kile nimekiweka kwa makusudi, tangi lipate hewa, ndivyo wanavyofanya siku hizi. Akasema aa, yeye hakujua hilo. Akakirudisha mfukoni. Akauliza kama nataka anisaidie, ana dumu la petroli safi dukani kwake. Nikasema hapana. Akauliza tena kama naye anaweza kuijaribu boti kidogo kabla ya Jumapili. Nikamwambia injini inapumzika. Wakati huo ilikuwa inanguruma mpaka ndege wamehama.

Alipoondoka nilijaribu kuelewa njama yake. Mpaka sasa sijaielewa, na hiyo ndiyo inayonitia hofu.

Mvua tena jioni. Nimeongeza kipande cha pili cha fulana.

Jumamosi, 11 Mei

Mazoezi ya mwisho. Nimejaza bakuli maji, nikaliweka juu ya kiti cha mama mkwe, nikaenda mpaka katikati ya ziwa na kurudi. Kuondoka: kishindo, nusu ya maji sakafuni. Katikati ya ziwa: shwari, nikaimba. Kurudi gatini: gia ikagoma kutoka, nikaivuta kwa mikono miwili na goti, ikatoka pamoja na maji yaliyobaki na bakuli lenyewe.

Mlinzi amehamisha kiti chake mpaka kule kwenye choo. Anasema anapenda upepo wa upande ule.

Injini nayo imezidi. Leo imezima hata ikiwa inanguruma. Nikakaza robo, nikakaza robo, mpaka skrubu ikakataa. Imefika mwisho wake. Mimi bado.

Mke wangu akanikuta jikoni usiku nimeshika kisosi na kikombe, natembea polepole. Akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Akasema boti ikija kwangu au ikienda kwa kaka yake, yote heri kwake, ila anachoomba isiuzwe na isiharibike, kwa sababu humo ndimo anamosikia bado sauti ya baba yake. Akaenda kulala.

Nilibaki pale na kisosi. Maneno yake yalinichoma kidogo. Nikawaza kwamba labda nikaitoe ile fulana, nirudishe kizibo, nimwambie na habari ya waya. Lakini kulikuwa na giza, na nimeshavua viatu.

Jumapili, 12 Mei

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba kwa kuvutana na gia.

Tulikuwa wanne. Mimi kwenye usukani. Mama mkwe nyuma yangu kwenye kiti chake, amevaa vizuri, kikombe cha chai juu ya kisosi, chai imejaa mpaka mdomoni. Mke wangu pembeni yake. Shemeji mwisho kabisa, karibu na injini, uso wa kijivu tangu tufungue kamba. Nikadhani ni hofu ya kushindwa.

Kuondoka, "kaaa!" Mama mkwe akainua kikombe juu kwa ustadi wa miaka, lakini tone likaruka kwenye kisosi. Nikageuka nikasema ni wimbi. Ziwa lilikuwa limetulia kama meza. Akasema, "Sawa, mwanangu, ni wimbi." Mama mkwe ni mtu wa adabu.

Katikati mambo mazuri. Nilianza kuchagua rangi nitakayoipaka.

Tukalikaribia gati la ng'ambo. Mama mdogo, yule mdogo wake tuliyemwendea, nyumba yake iko palepale ufukweni, na alikuwa amesimama kwenye gati anatupungia. Nikashusha resi. Injini haikushuka. Nikavuta mkono wa gia uje katikati, haukuja. Nikauvuta kwa mikono miwili. Mama mdogo akaacha kupunga. Injini ikakohoa, ikazima, na hapo ndipo gia ikatoka yenyewe, kiulaini kabisa, kama inanicheka.

Kimya. Boti inateleza kuelekea gatini. Nikazungusha ufunguo. Ikawaka kwa ngurumo. Sasa nilihitaji gia ya kurudi nyuma, na haraka. Nikaushika mkono wa gia, na akili ikanitoka. Kuvuta au kusukuma? Ya zamani ilikuwa kusukuma. Ya kwangu ni kuvuta. Au ya kwangu ndiyo kusukuma? Nikakishusha kidevu kifuani kama mtu anayesoma dua.

Nyuma yangu mama mkwe akakiona kidevu kikishuka. Hakuuliza, wala hakutazama. Mkono wake wa kushoto ukapita begani kwangu, ukaushika mkono wa gia, ukausukuma mbele, kama alivyousukuma maisha yake yote kuisimamisha boti ile.

Tukaruka mbele.

Nilichoweza ni kuzungusha usukani. Gati likatupita ubavuni, mama mdogo akakimbilia nyumbani, tukapanda mchanga, tukaivuka mistari ya nguo zilizoanikwa na tukasimama chini ya shuka lake kubwa la maua. Injini ikazima. Ndani ya shuka, sote wanne, tulisikia kikombe kikibingirika sakafuni.

Mke wangu akalivuta lile shuka. Mama mkwe alikuwa amekaa wima vilevile, kisosi mkononi, kina lile tone moja tu, chai yote imemwagika magotini. Wala hakuitazama chai. Alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto. Akaufungua, akaufunga. Kisha akasema taratibu, "Kumbe nacho hiki nimekisahau. Nacho kimeondoka naye."

Nilijua vizuri kabisa kwamba mkono wake haujasahau kitu. Mimi tu ndiye niliyejua. Nikafungua mdomo.

Nikasema ni upepo.

Mke wangu akaniangalia. Akainama penye sanduku la gia, akaona nati mpya inang'aa katikati ya nyingine zenye kutu. Akaifunika kwa kidole. Akanyoosha mkono bila kugeuka, nikampa spana, maana ilikuwa imechomoza mfukoni mwangu na hakukuwa na pa kuificha. Akafungua, akaona, akairudisha ncha ya waya kwenye tundu la juu. Kazi niliyoifanya asubuhi nzima, yeye hakuchukua hata muda wa kunywa maji. Kisha akachukua mkono wa mama yake akauweka pale.

"Mama," akasema, "mkono wako haujasahau. Kuna mtu ameigeuza gia."

Wote wakanitazama. Mimi nikatazama shuka. Ni shuka zuri kweli, maua mekundu.

Niliona aibu. Nakiri hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Aibu ya kweli, ya masikio kuwaka moto. Ilidumu mpaka chakula kikaletwa.

Baada ya chakula mke wangu akaenda nyuma ya boti, akaivuta ile fulana kutoka kwenye tundu, kipande kimoja, kisha cha pili, inatiririka maji. Alinijua kwa fulana. Akachota petroli ya chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, akaiinua juani mbele ya watu wote. Petroli juu, maji chini, kila moja peke yake. Akaniuliza maji haya yamepitia wapi. Nikasema ziwa liko karibu.

Akalikausha tangi. Shemeji, kumbe amekuja na dumu lake la petroli safi na kile kizibo kipya mfukoni, akavitoa kwa tabasamu. Mke wangu akasafisha kabureta, akalegeza skrubu yangu, robo baada ya robo, anahesabu kwa sauti ili nisikie. Majirani wa mama mdogo wakaisukuma boti majini. Injini ikawaka, ikapumua taratibu. Unaweza kuzungumza juu yake.

Ikafika zamu ya shemeji. Shemeji akasema anaomba samahani, hawezi, na akaenda kutapika nyuma ya mnazi. Tangu utoto hupatwa na kichefuchefu majini. Boti hakuitaka hata siku moja, alikuja kwa sababu mama alimwambia. Wiki nzima nimepigana na mtu huyu.

Kwa hiyo usukani akashika mke wangu. Mama mkwe nyuma yake, kikombe kipya mkono wa kulia, gia mkono wa kushoto. Mke wangu akainua kidevu, mama akavuta. Gia ikaingia bila sauti. Hawakusema neno njia nzima. Gatini kwetu mke wangu akashusha kidevu, mama akasukuma, tukaligusa tairi kama mtu anayebisha hodi. Nikachungulia kwenye kisosi. Kikavu.

Mama mkwe alikuwa analia, lakini anatabasamu. Akanywa ile chai yote, akakishusha kikombe, akasema boti imeshampata mwenyewe. Akamkabidhi mke wangu ufunguo. Mlinzi wa gati akarudisha kiti chake ukingoni.

Jumatano, 15 Mei

Kazi imeanza. Abiria asubuhi, mizigo mchana, kama nilivyopanga. Watu wanamwita mke wangu nahodha. Hata miwani ya jua kachukua yeye.

Mimi nina cheo changu. Nafunga kamba na kufungua kamba. Masharti ni kwamba nisiguse kitu chochote cha chuma. Bisibisi na spana zimehamia dukani kwa shemeji, kwenye droo ya mashine za kunyolea, na ufunguo wa droo anao yeye. Nilijua tangu mwanzo kwamba ana lake jambo.

Asubuhi hii nimekuta kizibo cha zamani cha tangi mezani, pembeni ya chai yangu. Mke wangu amekikuta kwenye suruali alipokuwa anafua. Nilisubiri maneno. Akanimiminia chai, akasukuma kile kizibo karibu yangu kwa kidole kimoja, akaenda zake kazini.

Nimelitafakari jambo hili sana. Mtu mwenye hasira angekitupa. Yeye amenirudishia. Maana yake nimesamehewa, na zaidi ya hapo, ananiamini. Funzo nimelipata: kitu cha siri hakiwekwi kwenye suruali, kinawekwa kwenye koti.

Sasa ni saa saba mchana. Mke wangu amekwenda kuwapanga abiria foleni. Mimi niko peke yangu ndani ya boti na kamba yangu. Injini iko frii, inapumua polepole mno. Wao wanasema ndivyo inavyotakiwa. Mimi nina masikio. Inapumua kama mgonjwa. Ikimzimikia katikati ya ziwa, na abiria wote wale, nani atalaumiwa? Na siku ikinguruma tena kama simba, nani atakumbukwa?

Nimekitazama kile kizibo vizuri. Kina kiulimi chembamba cha bati, pale ulipokuwa umeshikizwa mnyororo wake. Nimekijaribisha kwenye ile skrubu ya shaba. Kinaingia barabara, utadhani vilitengenezwa pamoja.

Robo mzunguko tu.